Cheti cha Mama Mkubwa

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba nina mama wawili, na kwamba wanapokezana mahali fulani njiani, chini ya mlima wa Sagalla, pale ukungu wa asubuhi unapokatika na joto la Voi kuanza. Mama wa mlimani alikuwa na jina lake. Huyo alivaa leso mbili, alisema Kisagalla, alipalilia kunde pamoja na nyanya na kucheka kwa sauti. Mama wa chini alikuwa na jina lingine. Alivaa sketi ya samawati iliyopigwa pasi, alisema Kiswahili cha darasani, na watoto wadogo walimkimbilia getini wakiliita jina hilo kama wimbo. Sikuona ajabu yoyote. Niliikuta dunia hivyo.

Siku za juma tulikaa Kaloleni, mtaa wa mjini Voi, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja lililotazama upande wa reli. Mama alifundisha chekechea katika shule moja ya msingi upande wa Marungu, nami nilisoma hapo hapo mpaka darasa la tatu. Baba alikuwa na kazi Mombasa. Alikuja mara chache, kisha akaacha kuja, na sasa sikumbuki lolote lake ila harufu ya sabuni. Ninachokumbuka vizuri ni Ijumaa jioni, tukipanda mlima. Bodaboda ilituacha pale barabara inapoharibika, tukamalizia kwa miguu, na kila tulipopita nyumba mbili tatu mtu alimsalimu mama kwa jina la mlimani. Kila salamu ilimlegeza mabega kidogo. Tukifika kwa nyanya, alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka sita, na baada ya hapo nikasoma kila kilichokuwa na herufi: magunia ya unga, mikebe ya rangi, kalenda za miaka iliyopita. Jumamosi moja nyanya alinichukua nimsaidie kufyeka nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya familia. Kulikuwa na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na juu yake maandishi meusi. Nilisoma polepole, herufi kwa herufi, kama mama alivyonifundisha. Lilikuwa jina la mwalimu wangu. Majina yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye ukuta wa darasa letu.

Nyanya hakusimamisha kazi. Aliniuliza nimesoma nini, nikamwambia. Akasema huyo ni mama yangu mkubwa, dada ya mama, aliyekufa kabla sijazaliwa. Nikauliza mbona mama naye anaitwa hivyo kule shuleni. Nyanya alifuta panga kwa majani, akatazama tambarare iliyokuwa ikielea chini yetu katika vumbi jekundu.

"Mama yako anamtunzia," akasema.

Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Nilimfikiria mama mkubwa kama mtu aliyesafiri akaacha jina lake nyumbani, kama vile jirani anavyokuachia kuku wake akienda matanga. Wakati mwingine, mama alipokuwa amesimama mbele ya darasa na mwanga wa mlangoni ukimpiga ubavuni, niliona kana kwamba wako wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, na yule wa nyuma ananitabasamia. Sijui kama niliona kweli au niliota katika usingizi wa mchana kwenye mkeka wa chekechea. Mambo hayo mawili yameshikana na siwezi tena kuyatenganisha.

Ukweli nilipewa nikiwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa natafuta kitambulisho, nikakitazama cheti changu cha kuzaliwa kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu mzima. Kwenye nafasi ya mama paliandikwa jina la msalabani. Kwa karatasi, nilikuwa nimezaliwa na mtu aliyekufa miaka kadhaa kabla yangu.

Mama alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Alinieleza bila kuinua macho, na mkono wake haukuacha kuchambua. Walikuwa wasichana wawili kwa nyanya, wamepishana miaka miwili. Mkubwa alikuwa na kichwa chepesi cha masomo. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa tayari mgonjwa, anakohoa, na akafaulu vizuri kuliko mtu yeyote kijijini mwaka ule. Mama alikuwa ameacha shule kidato cha pili ili amuuguze. Alimpikia uji, alimgeuza kitandani, alimsomea barua za marafiki. Mama mkubwa alifariki mwanzoni mwa mwaka. Wiki ya tatu baada ya mazishi ikaja barua kwamba amepata nafasi katika chuo cha ualimu wa chekechea.

Barua ilikaa mezani siku nyingi. Hakuna aliyeigusa. Mwishowe nyanya aliitia pamoja na cheti cha mtihani ndani ya mfuko wa plastiki, akamkabidhi mama na kumwambia, "Barua imekuja nyumba hii. Atakayekwenda ni wa nyumba hii."

Mama hakuwa na kitambulisho bado, wala dada yake hakuwahi kuchukua. Mama alikichukua kwa jina la marehemu. Aliniambia kwamba siku ya kwanza chuoni, mkufunzi alipoita majina, lile jina liliitwa mara ya kwanza likapita hewani bila kujibiwa. Lilipoitwa mara ya pili akasikia sauti ikisema "nipo," na akageuka kutazama ni nani, kabla ya kutambua kwamba ni yeye. Miaka yote miwili alihisi dada yake ameketi naye kwenye benchi, akimsogezea nafasi. Alijifunza kila kitu kwa bidii ya watu wawili. Cheti cha chuo alikipata kwa jasho lake mwenyewe, lakini kilitoka na jina la marehemu.

Mlimani watu walijua. Hakuna aliyesema. Lilikuwa jambo la nyumba ya msiba, na watu wa kwetu hawaingii msibani kwa mtu kwa maneno.

Mimi nilimaliza shule nikapata kazi mjini Voi, katika duka la kompyuta na fotokopi. Kwa hiyo, ilipokuja barua kwamba vyeti vya wafanyakazi wote wa umma vihakikiwe, niliisikia kabla ya wengi, kwa sababu ilikuja kama mafuriko ya watu mlangoni. Walimu, makarani, wauguzi, askari wa mageti, wote walitaka nakala. Nilijifunza kuwatambua waliokuwa na hofu. Mwenye cheti halali alikitupa kwenye kaunta huku akizungumza na simu. Mwenye hofu alikishika kwa mikono miwili mpaka dakika ya mwisho, na alitazama mashine wakati mwanga ukipita chini yake kana kwamba mwanga huo utasema kitu.

Mmoja wao nilimjua. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili la chekechea, mwenzake mama, mwanamume mpole aliyewatengenezea watoto magari ya waya. Nilipoweka cheti chake kwenye kioo niliona kwamba alama ya wastani ilikuwa nyeusi kuliko maandishi mengine. Aliona kwamba nimeona. Nilimpa nakala zake, akanishukuru, akatoka akasimama juani kwa muda mrefu kama mtu aliyesahau anakokwenda. Sikumwambia mtu yeyote. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Cha mama nilikitoa nakala mwenyewe. Kilikuwa kimelainika kama kitambaa, kimekunjwa mara nne, na hakikuwa na kosa lolote. Jina lilikuwa la kweli, alama zilikuwa za kweli, namba ya mtihani ilikuwa ya kweli. Wakati wenye vyeti vya kughushi Voi nzima hawali wakashiba, mama kwa karatasi hakuwa na cha kuogopa, na ndiye aliyekonda.

Kulikuwa na mtu mwingine katika shule ile ninayepaswa kumtaja. Ni mwanamke wa Marungu, mwenye umri karibu na wangu, aliyesomea chekechea na kufaulu kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa amefundisha pale kwa kujitolea kwa miaka mingi akingoja nafasi ifunguke. Wazazi walimlipa kwa walichonacho, mara nyingi mahindi, wakati mwingine maziwa. Mvua zilipokosekana hakulipwa, na alikuja vilevile. Mama alimpenda. Alimbebea chai kwenye chupa. Nami nilidhani ni upendo tu, sikujua kwamba kila kikombe kilimchoma mkononi.

Majibu yalirudi baada ya miezi kadhaa. Mwalimu mkuu aliwaita wote ofisini, akasoma. Yule mwalimu wa magari ya waya hakuwapo. Alikuwa ameambiwa mapema na alikuja jioni yake kuchukua vitu vyake, watoto wakimfuata mpaka getini bila kuelewa. Jina la mama lilisomwa, likafuatwa na neno "halali." Wazazi waliokuwa nje wakasikia. Habari ikaenea Marungu kwamba wengine wameanguka lakini mwalimu wetu ni wa kweli, na Ijumaa hiyo walimletea jogoo na kitenge.

Mama alipanda mlima na jogoo mkononi. Nilikuwa nimetangulia kwa nyanya. Aliketi kwenye kizingiti akamfungua jogoo miguu, akamwacha aende zake. Aliniambia kwamba alipolisikia lile neno "halali" alimwona dada yake amesimama pembeni ya kabati la ofisi, ana nguo za shule, anangoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyengoja kwa muda mrefu kurudishiwa kitu na anaona haya kukidai.

"Jumatatu nitakwenda ofisi ya elimu," mama akasema. "Nataka unisindikize."

Nilijaribu kumzuia. Nilimkumbusha umri wake na pensheni iliyokuwa karibu, nikamwambia hakuna atakayejua kamwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa ile subira yake ya mwalimu wa watoto wadogo, kisha akauliza kama nina sketi safi ya kuvaa.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana, ana tai, na meza yake ilikuwa imezama kwenye mafaili. Alidhani mama amekuja kulalamikia jambo. Alipoelewa, alilitafuta faili, akalifungua, akalisoma lote, akalifunga tena.

"Mama, faili yako ni safi," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanalia hapa kila siku wapate faili kama hii. Rudi nyumbani."

"Faili ni safi, mwanangu," mama akasema. "Mwenyewe ndiye aliyekufa."

Kijana yule alitazama dirishani. Nje kulikuwa na mbuzi wakila karatasi chini ya mgunga. Nakumbuka nilitamani asimame tu, atoke nje, asirudi, sisi nasi tuondoke, na siku yote iyeyuke kama ukungu wa kwetu unavyoyeyuka saa nne. Hakuondoka. Alivuta karatasi akamwomba mama aandike maelezo yake. Mama aliandika kurasa mbili bila kusita. Alipofika mwisho kalamu ikasimama. Aliuliza atie sahihi ipi.

Afisa alifikiri. "Yako," akasema.

Kisha mama aliandika jina la mlimani, kwa herufi za duara, zilizotengana, mwandiko wa msichana wa kidato cha pili. Mkono wake haukuwa umekua pamoja na jina hilo. Nilipouona mwandiko ule machozi yalinitoka, na mama akanipa leso yake bila kunitazama.

Baada ya ofisi hakutaka kurudi Kaloleni. Tulikwenda moja kwa moja Marungu, tukamkuta yule mwalimu wa kujitolea nyumbani kwao, anawanywesha ndama. Mama alimweleza akiwa amesimama, jua kichwani, akakataa kiti. Alimwambia kwamba nafasi aliyokuwa ameikalia miaka yote haikuwa yake, kwamba alimwona akingoja na akanyamaza. Yule mwanamke alisikiliza huku ameshika ndoo. Sura yake haikubadilika. Nilitegemea atukane au alie, na lolote kati ya hayo lingekuwa rahisi.

"Sasa nikuite nani?" aliuliza.

Mama akamtajia jina. Yule mwanamke alilirudia taratibu, kama anayeonja kitu, kisha akasema ndama wana kiu, akatugeuzia mgongo. Tulirudi barabarani kwa miguu, na mahali fulani kati ya mashamba yaliyokauka nilihisi tunatembea watatu.

Mama aliachishwa kazi kabla ya mvua za vuli. Pensheni ikapotea. Wapelelezi walimhoji mara mbili, wakaandika, wakasema watamwita tena. Mpaka ninapoandika haya hawajamwita, na kila simu ngeni inapolia anaitazama kwanza. Nafasi ilitangazwa, ikaenda kwa mtu kutoka Taveta mwenye vyeti vingi zaidi. Yule mwalimu wa kujitolea alifundisha muhula mmoja tena, halafu akaenda kufanya kazi dukani Mombasa. Hilo ndilo linalomkosesha mama usingizi, kuliko kazi na pensheni. Alikuwa ameota kwamba akiondoka kwenye kiti, atakayekaa ni yule aliyengoja.

Nyanya ndiye aliyeumia vibaya zaidi. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, na tulipomwambia alikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu alimwambia mama, "Umemzika mara ya pili." Wiki kadhaa hakupokea chakula mkononi mwake, mimi ndiye niliyempelekea. Kisha asubuhi moja ya baridi, ukungu umejaa mpaka jikoni, alimwita mama akamwomba uji. Hawakulizungumzia tena.

Kitambulisho kipya cha jina lake mwenyewe ndicho kilichotuchosha. Mashine ilipopokea vidole vya mama ilijibu kwamba vina mwenyewe tayari. Karani alijaribu tena, akavifuta kwa spiriti, ikajibu vilevile. Chifu akaandika barua. Wazee wawili wa kijiji wakaapa mbele ya wakili kwamba wanamjua tangu kuzaliwa. Alitumwa Wundanyi, akatumwa Mombasa, akarudishwa Voi. Zaidi ya mwaka mzima mama yangu hakuwa mtu yeyote mbele ya serikali, na nadhani alifurahia kidogo. Alilima. Alitembea mlimani peke yake wakati wa jioni. Aliniambia ni kama kukaa mtoni maji yakiwa yamefika kiunoni, hujavuka wala hujarudi. Kadi ilipokuja aliiweka kwenye sanduku bila hata kuitazama picha. Cheti changu cha kuzaliwa bado hakijasahihishwa.

Akina mama wa kanisani walimwomba aanzishe chekechea ndogo pale mlimani. Hawakuuliza karatasi yoyote. Alikataa, wakarudi, akakataa tena. Badala yake, alijiandikisha katika darasa la watu wazima linalokutana mara tatu kwa juma, ili amalizie alipoachia, kidato cha pili. Wenzake darasani ni mwendesha bodaboda na wanawake wawili walioolewa mapema. Anasema lugha zinakwenda. Hesabu ni ukuta.

Jumapili iliyopita nilimkuta barazani na daftari magotini, mawani puani, kuku wakidonoa karibu na miguu yake. Upepo wa alasiri ulikuwa unavuma kutoka upande wa mbuga, umebeba harufu ya majani makavu. Alikuwa ametatua swali moja kwa saa nzima, akanipa nilisahihishe. Nilifuata hatua zake moja baada ya nyingine. Mstari wa tatu alikuwa amesahau kugeuza alama, na kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kimepotoka kwa unadhifu mkubwa. Nilimwonyesha.

Alifuata mstari ule kwa kidole, kichwa kimeinama upande.

"Hili nimekosa mwenyewe," akasema, akachukua kifutio.